Défaite, échec, déroute, débâcle au revers: ulinganisho wa maneno ya Kifaransa ya kushindwa

Kiswahili kina kitenzi kimoja kinachobeba mizigo miwili. Ukisema "nimeshindwa na Juma", msikilizaji anaelewa kwamba Juma ndiye mshindi. Ukisema "nimeshindwa kufika", anaelewa kwamba hukufika, na hatafuti mshindi yeyote. Tofauti yote imebebwa na "na" pamoja na "ku-". Kifaransa kimegawa mizigo hiyo: wa kwanza ni défaite, wa pili ni échec, na ukilichukua la huku ukaliweka kule, sentensi inapinda. Kisha yapo maneno mengine ambayo kamusi huyapanga chini ya "kushindwa" kana kwamba ni mamoja: déroute, débâcle, revers. Mwanafunzi wa Bujumbura, mfasiri wa Goma au mwandishi wa michezo wa Dar es Salaam anayesoma habari za Kifaransa anabaki kubahatisha.

Nimeyapima matano hayo kwa maswali yaleyale. Je, neno linahitaji mpinzani aliyeshinda? Linasema nini kuhusu ukubwa wa kipigo na namna aliyeshindwa alivyoondoka? Linaandamana na vitenzi gani? Na linamfaa nani, akiandika nini? Sikuyapa nafasi sawa, kwa sababu hayatumiki kwa wingi sawa. Défaite utakutana nalo kila siku, revers mara mojamoja.

Défaite

Hutamkwa "defet", t ya mwisho ikisikika, na ni neno la kike: la défaite. Limetokana na défaire, kufumua au kufungua kilichofungwa. Défaire un nœud ni kufungua fundo, lit défait ni kitanda ambacho hakijatandikwa, visage défait ni uso uliosawijika. Jeshi lililofumuliwa safu zake ndilo lililopata défaite ya asili. Waandishi wetu wa michezo wanaosema timu "imefumuliwa" wamefika palepale bila kupitia Paris.

Mpinzani lazima awepo. Vita, mechi, uchaguzi, kura ya bungeni, popote penye pande mbili na mmoja akatoka juu, défaite inakaa. Hata asipotajwa, msomaji anajua yupo.

Ukubwa haumo ndani ya neno lenyewe. Burundi ilipocheza Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza, Misri mwaka 2019, ilifungwa 1-0 na Nigeria, 1-0 na Madagaska, kisha 2-0 na Guinea. Kwa Kifaransa hizo ni trois défaites en trois matches, basi, bila dharau wala huruma. Ukitaka uzito, unaongeza kivumishi: courte défaite ni ya tofauti ndogo, défaite honorable ni ya heshima, lourde défaite ni kipigo kizito, défaite cuisante ni ile inayounguza, na écrasante ni ya kuponda kabisa. Huu ndio uzuri wa défaite: huwezi kushtakiwa kwa kutia chumvi ukilitumia peke yake.

Halisemi pia kama aliyeshindwa aliondoka kwa mpangilio au kwa kukimbia. Chukua Tabora, Septemba 1916. Majeshi ya Force Publique kutoka Kongo ya Wabelgiji, chini ya Jenerali Tombeur, yaliingia mjini tarehe 19, baada ya Wajerumani na askari wao kuondoka usiku. Wameupoteza mji, kwa hiyo ni défaite. Lakini waliondoka wakiwa na safu zao na silaha zao, wakaendelea kupigana kusini. Anayeandika déroute hapo anaandika jambo ambalo halikutokea.

Vitenzi vyake ni vichache na inafaa kuvikariri. Aliyeshindwa subit une défaite au essuie une défaite. Essuyer unalolijua ni kufuta kwa kitambaa, ila hapa maana yake ni kupatwa na jambo baya bila kuwa na la kufanya. Mshindi inflige une défaite à mpinzani wake. Anayekubali matokeo reconnaît sa défaite, kama alivyofanya Pierre Buyoya wa Burundi Juni 1993 aliposhindwa urais na Melchior Ndadaye. Kwenye magazeti ya michezo utaona pia concéder une défaite. Usiseme faire une défaite. Mfaransa atakuelewa, lakini atakuwa amekusaidia kuelewa.

Angalia pia neno dogo linalofuata. La défaite de Napoléon: Napoléon ndiye aliyeshindwa. La défaite de Waterloo: Waterloo ni mahali, wala hapakushindwa na mtu. Mshindi anaingizwa kwa contre au face à: la défaite de la France contre l'Argentine. Ukifasiri kila de kwa "ya" bila kufikiri, siku moja utampa ushindi aliyepigwa.

Mtego mkubwa kuliko yote kwa mzungumzaji wa Kiswahili ni perte. Kwa kuwa tunasema "kupoteza mechi", na Kifaransa nacho husema perdre un match, watu hujenga la perte du match. Haisemwi hivyo. Kitenzi ni perdre, jina lake mechini ni défaite. Perte ni kupotewa na kitu au mtu: fedha, ardhi, mzazi. Ufaransa ilipata défaite vitani mwaka 1870 na 1871, na matokeo yake yakawa la perte de l'Alsace na sehemu ya Lorraine. Kitenzi chenyewe hakina tatizo. Tangazo la Jenerali de Gaulle, kiongozi wa Wafaransa waliokataa kusalimu amri, lililobandikwa London mwaka 1940 lilisema Ufaransa imepoteza pambano, a perdu une bataille, lakini haijapoteza vita, n'a pas perdu la guerre.

Défaite inamfaa anayeripoti matokeo, mwanahistoria, na yeyote ambaye hajui undani wa kipigo na hataki kuubuni. Haimfai anayezungumzia mradi, mtihani au mazungumzo yaliyovunjika.

Échec

Hutamkwa "eshek", la kiume: un échec. Chimbuko lake ni mchezo wa sataranji, ambao Wafaransa huuita les échecs hadi leo, na nyuma yake lipo neno la Kiajemi shah, mfalme. Mfalme akibanwa, mchezaji anatamka échec. Asipokuwa na pa kukimbilia, échec et mat. Kutoka kubanwa kwa mfalme, neno likapanuka likawa kukwama kwa jambo lolote ulilolikusudia.

Mpinzani hahitajiki. Hili ndilo "kushindwa ku-". Kiini chake ni lengo ambalo halikufikiwa: mtihani, biashara, chanjo, ndoa, jaribio la mapinduzi. Kitenzi chake échouer hutumika pia kwa chombo kilichopanda mwamba au mchanga, na hapa msomaji wa pwani ana bahati, maana anaposema "mazungumzo yamegonga mwamba" amekwisha sema les négociations ont échoué. Katika shule za Kongo mwanafunzi husema ana des échecs, yaani masomo aliyofeli. Hapo défaite ingechekesha, kana kwamba hisabati ilimpiga mieleka.

Kuhusu ukubwa, échec inaweza kuwa ndogo au kubwa: demi-échec, échec cuisant, échec total. Linaandamana na subir na essuyer kama défaite, lakini lina misemo yake: voué à l'échec ni jambo ambalo toka mwanzo halina mwisho mwema, constat d'échec ni kukiri rasmi kwamba imeshindikana, faire échec à ni kuzuia mpango wa mtu.

Na upo mtego wa michezo. Tenir en échec ni kumbana mpinzani asishinde. Kichwa cha habari kikisema timu ndogo a tenu en échec timu kubwa, mara nyingi ni sare. Nimeona ikifasiriwa "yaichapa", na msomaji akaamini.

Tofauti kati ya haya mawili inaonekana vizuri kwenye siasa. Tarehe 21 Aprili 2002, Lionel Jospin, waziri mkuu wa Ufaransa, alitolewa raundi ya kwanza ya uchaguzi wa rais kwa asilimia 16.18, nyuma ya Jacques Chirac na Jean-Marie Le Pen. Kwa hesabu ya kura ilikuwa défaite, nani angebisha. Yeye usiku ule alisema anabeba kikamilifu jukumu la cet échec, akatangaza kuacha siasa. Angesema défaite, macho yangeenda kwa waliomshinda. Aliposema échec, macho yalibaki kwake na kwenye kazi aliyokusudia ikamshinda. Si lazima mwanasiasa achague neno kwa kupima hivi, lakini msikilizaji wa Kifaransa hulipokea hivyo.

Échec inamfaa mwalimu, mtathmini wa miradi, mwandishi wa habari za mazungumzo ya amani, na anayeandika kuhusu maisha yake mwenyewe. Kwa matokeo ya mechi moja, liache, isipokuwa unazungumzia lengo lililokuwa nyuma ya mechi hiyo: timu ilipata défaite, kocha akapata échec kwa sababu alitakiwa kufuzu.

Déroute

Hutamkwa "derut", la kike. Hapa hatuzungumzii tena nani alishinda. Tunazungumzia namna aliyeshindwa alivyotimka. Safu zimevunjika, amri hazisikiki, kila mtu anaokoa roho yake. Mettre en déroute ni kumtimua adui ovyo, na armée en déroute ni jeshi linalokimbia bila mpangilio.

Mpinzani yupo, lakini nafasi yake ni ndogo. Ukubwa umo ndani ya neno, kwa hiyo petite déroute ni kichekesho.

Mfano ninaoupenda hauko Ulaya. Novemba 1914, Waingereza walishusha Tanga kikosi cha kutoka India, watu takriban 8,000, dhidi ya Wajerumani na askari wao wapatao 1,000, chini ya kamanda wao Lettow-Vorbeck. Ndani ya mashamba na vichaka kikosi kikachanganyikiwa, nyuki waliochokozwa na risasi wakaongeza balaa, na waliotua kwa mbwembwe wakarudi melini wakiacha bunduki, bombomu na shehena ya risasi ufukweni. Hiyo ndiyo déroute. Iweke karibu na Tabora ya miaka miwili baadaye utaona kwa nini maneno ni mawili. Waterloo, jioni ya tarehe 18 Juni 1815, ni ya namna hiyohiyo: Walinzi wa Napoléon waliporudi nyuma, jeshi zima likafumuka barabarani.

Kwenye michezo na siasa hutumika kwa sitiari, déroute électorale kwa mfano, pale chama kinapopoteza viti mfululizo na viongozi kuanza kurushiana lawama. Linamfaa mwandishi mwenye ushahidi wa vurugu hiyo. Kwa mfasiri nina onyo moja: ukikuta déroute, "kushindwa" haitoshi. "Kusambaratika" au "kutimuliwa" iko karibu zaidi.

Débâcle

Hutamkwa "debakl", la kike. Kwa asili ni kupasuka kwa barafu ya mto baada ya baridi kali, pale mapande yanapoachana na maji kuyabeba yote kwa kishindo. Sisi hatuna mto unaoganda, kwa hiyo neno hili linatujia likiwa na maana ya pili tu: kuporomoka kwa vitu vingi kwa pamoja, kimoja kikivuta kingine.

Huo upamoja ndio unaolitenga na déroute. Déroute ni ya kikosi, débâcle ni ya mfumo. Mpinzani anaweza kuwepo au asiwepo, maana débâcle financière haina adui wa kumtaja.

Ufaransa ya 1940 ndiyo shule yake. Ujerumani ilishambulia tarehe 10 Mei, na mkataba wa kusitisha vita ukatiwa saini tarehe 22 Juni. Katikati ya hapo jeshi lilivunjika, serikali ilihama Paris kwenda Tours kisha Bordeaux, na mamilioni ya raia wakajaa barabarani wakielekea kusini. Mwanahistoria anaweza kuandika la défaite de 1940 akimaanisha matokeo ya vita, la déroute ya jeshi fulani akimaanisha namna lilivyotawanyika, na la débâcle akimaanisha yote, na raia na serikali ndani yake. Tukio ni moja, maneno matatu, na hakuna lililokosea.

Zaire kwenye Kombe la Dunia la 1974 inafundisha hilohilo kwa udogo wake. Bingwa wa Afrika wa mwaka uleule alifungwa 2-0 na Scotland, 9-0 na Yugoslavia, 3-0 na Brazil. Mechi ya Scotland ni défaite, tena honorable. Ile ya Yugoslavia, kipa akitolewa baada ya mabao matatu tu ya mwanzo, ni déroute bila ubishi. Ukiongeza mgogoro wa malipo kati ya wachezaji na viongozi, ambao wachezaji wenyewe waliusimulia baadaye, mashindano mazima yanastahili débâcle. (Mechi hiyo ya 9-0 ilichezwa tarehe 18 Juni, siku ya Waterloo, na siku de Gaulle aliyohutubia redioni kutoka London mwaka 1940. Kalenda ina utani wake.)

Lazima nikiri kwa niaba ya magazeti ya Ufaransa kwamba vichwa vya habari vya michezo havifuati mipaka hii. Wahariri huchanganya déroute na débâcle kadiri nafasi inavyoruhusu, na timu ikifungwa 4-0 yoyote kati yake hutumika. Ukisoma, samehe. Ukiandika ripoti, kuwa na sababu.

Revers

Hutamkwa "rever", s haisikiki, la kiume. Ni upande wa nyuma: wa mkono, wa sarafu, wa koti. Revers de la médaille ni ubaya uliojificha nyuma ya jambo zuri, na kwenye tenisi revers ni pigo la mkono uliogeuzwa. Kati ya maana zake ipo ya kushindwa kidogo, kupata pigo njiani wakati safari inaendelea. Mpinzani si lazima. Linakwenda na essuyer un revers, na revers de fortune ni mtu aliyekuwa nazo akafilisika. Linamfaa anayeeleza kushindwa ambako hakujamaliza habari, na linapendwa mno na wasemaji wa serikali, kwa sababu linapunguza ukali. Mfasiri aangalie asilikuze. "Pigo" linatosha.

Ya mitaani

Raclée ni kichapo, déculottée ni kuvuliwa suruali hadharani, yaani kufungwa mabao mengi, na prendre une veste, kuchukua koti, ni kubwagwa kwenye uchaguzi. Ni ya baa na ya vijiwe, usiyatie kwenye barua ya ofisi. Mfaransa husema pia c'est la Bérézina kwa balaa kubwa, akikumbuka mto ambao jeshi la Napoléon lilivuka Novemba 1812 likirudi kutoka Urusi. Cha ajabu ni kwamba kwa hesabu za kijeshi Napoléon alifanikiwa kuvuka. Watu waliokufa na kuachwa nyuma ndio walioshinda kwenye kumbukumbu, na neno likabaki la msiba.

Uchague lipi, kulingana na kazi yako

Unaandika matokeo ya mechi na huna muda: défaite, pamoja na contre na jina la mshindi. Ukitaka kitenzi, s'incliner, yaani kuinama, ni adabu nzuri kwa waliofungwa kwa shida, kama Ufaransa dhidi ya Argentina kwa penalti tarehe 18 Desemba 2022.

Unafasiri kutoka Kiswahili: tazama kinachofuata "kushindwa". Kikiwa "na" na mshindi, nenda défaite. Kikiwa kitenzi cha "ku-", nenda échec au échouer. Kisipofuatwa na chochote, rudi kwenye aya iliyotangulia ujue kama palikuwa na mshindani.

Unafasiri kwenda Kiswahili: défaite inaweza kuwa kushindwa au kipigo, échec iwe kufeli, kukwama au kugonga mwamba, déroute kusambaratika, débâcle kuporomoka. Ukiyageuza yote kuwa "kushindwa" umefuta alichokusudia mwandishi.

Unaandika historia ya vita: anza na défaite, na usipande hadi déroute mpaka uwe na ushahidi wa silaha zilizotupwa na safu zilizovunjika. Kumbuka pia kwamba kujisalimisha kuna neno lake, capitulation, na si lazima kutanguliwe na défaite. Lettow-Vorbeck alisalimisha silaha Abercorn, Mbala ya leo, tarehe 25 Novemba 1918 kwa sababu vita vilikwisha Ulaya, wala jeshi lake halikuwa limevunjwa uwanjani.

Unaandika ripoti ya mradi kwa wafadhili: échec kama lengo halikufikiwa, revers kama mlijikwaa mkaendelea. Débâcle waachie wakaguzi.

Na kama unamwandikia mdogo wako aliyefeli Examen d'État, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, hata échec huenda ni zito kwa barua ya kwanza. Tu n'as pas réussi cette fois-ci, hukufaulu safari hii, inasema ukweli uleule na kumwachia nafasi ya kurudia mwakani.